Kuanzia Gemu ya Tatu

Mimi ni mtu wa mpangilio. Siwezi kusoma gazeti kuanzia ukurasa wa michezo, na mtu akinisimulia kisa kuanzia katikati namrudisha mwanzo, hata kama ndani yake kuna mgonjwa mahututi. Wengine huniona msumbufu. Nawaelewa, ila sijabadilika.

Nadhani nililelewa na foleni. Miaka ile bidhaa zilipokuwa adimu, mama aliniacha nimesimama kwenye mstari wa sukari au sabuni mbele ya duka la ushirika, nyuma ya mawe na vikapu vya watu waliokwenda kushughulikia mambo mengine. Jiwe la mtu lilikuwa na haki zake. Ukilisogeza pembeni, ugomvi wako ungesikika mpaka ziwani. Baba yangu, aliyekuwa msimamizi katika kiwanda cha nguo, aliipenda foleni kuliko sukari yenyewe. Alisema ndiyo mahali pekee ambapo mkubwa wa ofisi na mchuuzi wa dagaa walilingana, na anayeruka foleni amemtukana kila aliye mbele yake.

Kisha ikaja miaka ya tisini na soko huria lake. Maduka ya Mwanza yakajaa sabuni za kila rangi, foleni zikatoweka, na kiwanda kikapunguza watu, baba akiwamo. Kwa kiinua mgongo wenzake walinunua ng'ombe au mashine ya kusaga. Yeye alinunua televisheni, na kwa fundi mmoja Mzungu wa kiwanda cha minofu ya samaki, aliyekuwa akirudi kwao, akanunua mashine ya gemu na kaseti zake zote. Chumba chetu cha mbele pale Nyakato kikawa ukumbi wa gemu. Mama, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, alikaa siku kadhaa bila kumsemesha, halafu akashona pazia la mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo.

Vijana walikuja kwa ajili ya mpira na ngumi. Baba aliwapanga kwenye benchi la ukutani, aliyetangulia anacheza, wanaofuata wanasogea, na hata mtoto wa diwani alirudishwa mwisho wa benchi. Nadhani baba hakuwahi kuwa na furaha kama ile tangu sukari ianze kupatikana.

Kaseti tatu hazikuguswa na mteja yeyote. Zilikuwa za hadithi moja ndefu, ya kwanza, ya pili na ya tatu, za kijana mwenye upanga anayezunguka nchi nzima akisaidia watu, akilala nyumba za wageni na kupigana na mazimwi. Kila anayekutana naye ana la kusema, na yote lazima uyasome, kwa Kiingereza. Hakuna mteja anayetoa hela yake akasome Kiingereza. Basi zikawa zetu, mimi na mdogo wangu wa kike, asubuhi kabla ukumbi haujafunguliwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili na nasubiri kazi katika ofisi ambazo zenyewe zilikuwa zikipunguza makarani. Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akisubiri jambo jingine, nitalifikia.

"Tuanze na ya tatu," alisema siku ya kwanza, akiipuliza vumbi kaseti. "Tazama picha yake. Hawa wa kwenye ya kwanza wana vichwa vya mraba."

"Hatuanzi na ya tatu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ya tatu."

Aliniangalia kwa upole wa kuudhi. "Dada, waliotengeneza si wajinga. Wanajua wapo watakaoingilia hapa. Mgeni akikukuta unakula, humrudishi jikoni akaone ulivyopika. Unampa maji anawe."

"Na mfalme akifa humo ndani, utamlilia vipi kama hukumjua?"

"Watanieleza alikuwa nani."

"Kuelezwa siyo kumjua," nikasema, na bado naamini hapo nilikuwa na hoja. Hata leo watu wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia mwanzo upo kwa sababu. Yeye hakubishana zaidi. Mimi ndiye mkubwa, na kwetu neno la mkubwa lilitosha. Akaichomeka ya kwanza.

Sasa nilieleze lile jambo. Mdogo wangu alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa sekondari kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, mpole, anayecheka kabla hajamaliza kusema kinachomchekesha. Alikuwa akivuka na feri kuja kumsalimia, akikaa kwenye benchi la ukumbini kwa adabu kama mteja wa kawaida. Serikali ilikuwa imemhamishia Kigoma, na alitaka aende na mke. Akatuma mshenga. Baba alimpokea vizuri, akamnywesha soda, akamwambia kwamba binti yake mkubwa bado yupo nyumbani na mdogo atasubiri zamu. Binti mkubwa ndiye mimi, niliyekuwa nyuma ya pazia nimeshika trei. Mshenga alijibu, kwa heshima zote, kwamba watarudi mara moja tu. Wazee wa Ukerewe wakikataliwa mara mbili huwa wanaona wamejibiwa.

Mimi sikuwa na mchumba wala dalili. Aliyewahi kunisogelea zaidi alikuwa karani mmoja wa Usagara, na alipoona ninavyomrudisha mwanzo wa kila habari aliacha kuja. Kwa hiyo zamu ya mdogo wangu ilikuwa imekaa nyuma ya mlango usiojulikana utafunguliwa lini. Hakuna aliyelizungumza. Mama alikuwa upande wa mwalimu, lakini upande wake aliuonyesha kwa kugonga masufuria.

Asubuhi tukacheza. Tatizo la gemu ile ya kwanza, ukiacha vichwa vya mraba, ni kwamba kibetri chake cha ndani kilikuwa kimekufa. Kaseti ya pili na ya tatu zilikumbuka ulipofika. Ya kwanza haikukumbuka kitu. Na ulikuwa wakati wa mgao wa umeme. Umeme ukikatika, kijana wetu alivuliwa upanga, dawa zake na marafiki zake wote, akarudi kitandani kijijini kwake, ambako mama yake anamwamsha na kumwambia kwamba anaitwa na mfalme. Fundi redio wa jirani aliufungua mgongo wa kaseti, akauangalia, akaufunga tena na kutupa pole.

"Turuke," mdogo wangu alisema mara moja tu. "Twende ya pili."

"Tutafika," nikamjibu. "Umeme hauwezi kukatika kila siku."

Uliweza. Tukawa tunaanza upya, na yeye ndiye alikuwa msomaji kwa sababu sauti yake ni nzuri. Yule mama alimsomea kwa sauti ya mama yetu, mfalme kwa sauti ya baba akiwa kwenye benchi, na mimi nilicheka kila mara, maana alikuwa hodari kweli. Tulijifunza njia kiasi kwamba tungeweza kupita msitu ule tumefumba macho. Daraja la zimwi tu ndilo lilitushinda. Mfalme alikuja kulilinda mwenyewe, mzee, amevaa kofia ya chuma, na kila tulipofika hapo mgao ukatukuta.

Ikaja wiki ambayo shangazi alifika kutoka Musoma, kwa sababu Jumapili mshenga angerudi, na kwetu posa haijibiwi bila shangazi. Alhamisi asubuhi tulikuwa darajani, mfalme yuko mbele yetu, dawa tunazo. Umeme ukaenda. Tukakaa kwenye benchi tukimsikiliza shangazi nje akimsimulia jirani habari za safari yake, kuanzia stendi, kwa mpangilio mzuri. Umeme ukarudi. Mdogo wangu akashika kidude cha kuchezea, yule mama akatokea kwenye kioo, na yeye akaanza kumsomea "mwanangu, amka", kwa sauti ileile, bila hata kupumua kwa nguvu.

Hapo ndipo nilipokasirika. Sikumkasirikia yeye. Nilikasirika kwa sababu hakulalamika. Alikuwa na siku chache tu kabla ya kumpoteza mtu anayempenda, kwa sababu yangu, na alikuwa ameketi pale ananifurahisha, akianza upya kwa sababu dada amesema tuanze na ya kwanza na baba amesema dada kwanza. Nilizima mashine, nikaing'oa ile kaseti, nikachomeka ya tatu.

"Dada, hatujamaliza."

"Najua."

Gemu ya tatu inaanza na bibi kizee anayekuuliza kama umewahi kusikia habari za mfalme wa zamani. Unachagua ndiyo au hapana. Mdogo wangu akachagua hapana. Bibi akaeleza yote kwa maneno ya kujaa kiganja, zimwi, daraja, mzee mwenye kofia ya chuma aliyebaki nyuma ili wengine wavuke. Yote tuliyoyahangaikia wiki zote zile. Akanigeukia akiwa amebana midomo asicheke, na heshima ile sijamsamehe mpaka leo.

"Kwa hiyo alikufa," nikasema.

"Alikufa darajani," akasema, na kicheko kikamwisha, maana sote tulikuwa tumesimama naye pale. Mtu aliyeanzia hapo angesoma tu na kusonga mbele. Sisi ilituuma. Nilimwachia kidude, nikatoka.

Baba alikuwa uani anatengeneza waya wa pasi. Shangazi alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Baba, Jumapili wakija, wakubalie."

Hakuinua kichwa. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Wewe uko mbele yake, mama. Ndani ya nyumba hii mtu harukwi."

"Zamani kwenye foleni ya sukari, akija mwanamke ana mtoto mgonjwa mgongoni, nani alikuwa anampitisha?"

"Aliye mbele."

"Na wewe ulisema ameruka?"

Mikono yake ikasimama kwenye waya. Baba alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki ukimwonyesha kanuni yake mwenyewe huwa hawezi kujifanya haijui. "Aliye mbele akisema pita, hiyo siyo kuruka," alisema.

"Basi mimi nasema apite."

"Nimesikia," shangazi akadakia, bila kuacha mchele. "Kasema mbele yangu. Msije mkaniambia hakusema."

Nilidhani limekwisha. Baba akaweka pasi chini, akasema taratibu, "Watu watasema umedoda. Mimi nilikuwa nakutunzia nafasi yako."

"Sikukuomba uitunze, baba. Umeniweka pale kama jiwe, na mimi nina miguu."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Uso wake ulibadilika, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona miezi yote ile. Hakuwa akimzuia mdogo wangu hata kidogo. Alikuwa ananilinda mimi dhidi ya midomo ya watu, kwa silaha pekee aliyoijua, mzee ambaye kiwanda kilikuwa kimemtoa kwenye mstari bila kumuuliza. Nilimpenda sana wakati ule, na bado nilitaka kumtikisa.

"Haya. Na wewe unataka nini?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. "Nataka kazi. Hilo jingine likija, nitakwambia."

Akachukua tena pasi, akaigeuza huku na huku. "Jumapili nivae shati gani?" akamuuliza shangazi, na shangazi akamjibu avae lile lisilo na alama ya mafuta, kama lipo.

Mdogo wangu alikuwa ameshahamia nyuma ya jiko, anapara sato wa mchana. Nikamwambia. Kisu kikasimama. Akakaa juu ya ndoo, magamba yamemjaa mikononi, akalia bila kujifuta kwa sababu hakuwa na mkono msafi wa kujifutia. Nikamfuta kwa pindo la kitenge changu.

"Kigoma ni mbali, dada," alisema.

"Treni ipo. Unabadilisha Tabora."

"Utabaki na nani asubuhi?"

"Na wazee. Na mazimwi."

Hakucheka. Alinitazama moja kwa moja, akasema, "Ukiniambia nibaki, nitabaki."

Nilijua hasemi kwa adabu tu. Angebaki kweli. Angemwacha mwalimu wake apande treni peke yake, na kesho yake asubuhi angeketi karibu yangu ananisomea, wala nisingesikia hata neno moja la lawama. Nilitaka abaki. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kazi, mume au kitu chochote, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Maliza hao samaki," nikamwambia. "Shangazi ana njaa."