Vidonge vya Kitanda cha Dirishani

Mtaani wanasema muuguzi wa nyumba hii alimsingizia mhudumu ili aokoe leseni yake. Wanaosema hivyo hawakuwepo wodini. Waliokuwepo wanajua yaliyotokea.

Asubuhi hiyo wodi ya wanawake ilibaki na muuguzi mmoja tu, binti mkubwa wa marehemu mwalimu mkuu. Mwenzake alikuwa amempeleka mgonjwa chumba cha upasuaji. Muuguzi alikuwa amekwisha kupanga vidonge kwenye vikombe vidogo juu ya sinia, mara mama mmoja nyuma ya pazia akaanza kutapika damu. Akamwita mhudumu wa usafi, ambaye wodi nzima ilimwita Chapchap kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Akamwagiza awapelekee bibi wawili wa mwisho: kikombe cha kushoto kitanda cha dirishani, cha kulia kitanda cha mlangoni. Ndivyo walivyozoea kusema humo. Mgonjwa akishalazwa, jina lake hubaki mapokezi, naye huwa kitanda.

Chapchap alifanya kama alivyoagizwa. Lakini bibi aliyepangiwa dirishani alikuwa mgonjwa wa kisukari, na mapema alikuwa amenung'unika kwamba upepo unamwingia mifupani, mwenzake wa mlangoni akamhurumia wakabadilishana vitanda. Hawakumwambia mtu. Kwao lilikuwa jambo la majirani.

Damu ilipotulia, muuguzi alikwenda kunawa mikono. Bibi aliyekaa dirishani akamwita.

"Mjukuu wangu, leo vidonge vimenenepa. Au mnaninenepesha mpate kuniuza?"

Muuguzi alicheka nusu, kisha akamtazama vizuri usoni. Huyu siye. Vidonge alivyomeza ni vya kushusha sukari, naye hana kisukari, na mkate wake bado uko kwenye sahani haujaguswa. Mwenzake, aliye mlangoni sasa, alikuwa amemeza vya kuongeza damu, ambavyo havina neno. Muuguzi alimrudia huyu wa dirishani. Alimnywesha maji ya sukari, akamtoboa kidole kupima, akatuma daktari aitwe, akabaki amemshika bibi mkono, akiona jasho likimtoka kwenye paji la uso na maneno yakianza kumkwama. Kila bibi alipofumba macho, yeye alimwita kwa sauti kubwa, kwa jina lake sasa, si kwa kitanda.

Daktari alifika akamtundikia dripu. Wakangoja. Hapo matroni, msimamizi wa wauguzi, akamvuta muuguzi hadi stoo ya mashuka na kufunga mlango.

"Mdogo wangu, sema Chapchap alijichukulia mwenyewe sinia. Yule hana leseni ya kupoteza. Wewe una wadogo zako wanaosoma."

Muuguzi alishika kitasa cha mlango. Sheria aliijua: mhudumu anaweza kukabidhiwa ndoo na shuka, hakabidhiwi dawa, na anayemkabidhi ndiye anayejibu. Alijua pia kwamba angeweza kunyamaza tu, na matroni angesema kwa niaba yake. Alipofungua mlango alimkuta Chapchap ameegemea ukuta, fagio mkononi, midomo imemkauka.

"Dada, watanifunga?"

 Muuguzi alipita, akaenda alipokuwa daktari, akasimama mbele yake.

"Mimi ndiye niliyemtuma, daktari. Sikwenda kuhakikisha nani yuko kitandani. Yeye alinitii tu."

Jioni bibi aliomba mkate wake akaambiwa umetupwa, akakasirika sana. Ndipo wakajua amepona. Muuguzi hakupona hofu yake. Aliitwa mbele ya baraza la wauguzi, akarudia maneno yale yale, na leseni yake ikasimamishwa. Chapchap bado anafagia wodi ile ile.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Lini atarudishiwa leseni, aliulizwa nini huko ndani, na alilia au hakulia, si ya mtaa. Anayetaka zaidi asipige hodi hapa; haambiwi.