Asubuhi Kamunyonge Haikufagia

Miaka ile ya Ujamaa, kwetu Kamunyonge uwanja usiofagiwa asubuhi ulikuwa na maana moja: kuna msiba. Kwa hiyo nilipopita kwa jirani yangu dereva nikakuta majani yametapakaa mlangoni, nilivua kofia. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshafika, naye kofia mkononi.

"Pole, mama," alimwambia mke wa dereva. "Ni nani ametutoka?"

"Hakuna aliyekufa," mama alinong'ona. "Huwa nafagiaga mapema. Leo baba watoto amenikataza, eti vumbi litaharibu kazi yake. Mkanyage polepole."

Tukanyata hadi barazani. Dereva alikuwa ameinamia dashibodi ya mbao aliyoing'oa kwenye gari lake kuukuu. Alikuwa ameimwagia gundi ya mikebe miwili, ile ambayo ikichanganywa hukauka ikawa ngumu kama kioo. Kila kipovu kilipojitokeza, alikipulizia pumzi taratibu kwa mrija wa kunywea pombe, kikatoweka. Hata hakutusalimia.

Nikachungulia. Ndani ya gundi ile, kama kwenye kioo, niliona wingu likipita, na uso wa balozi, kinywa wazi. Huyu ni balozi ambaye sauti yake ilisikikaga hadi sokoni.

"Nenda kawaambie majirani," aliniambia kwa kunong'ona, "leo asifagie mtu."

Mtaa mzima haukufagia. Nimehudhuria misiba mingi, ya wakubwa na wadogo, na hapakosekani mtu wa kukohoa. Pale barazani hakukohoa mtu, na balozi hakukumbuka kurudisha kofia kichwani.