Gemu la Mzee na Kuku Wake

Ilianza Jumamosi, saa nne asubuhi, flopi ilipokwaruza ndani ya kompyuta na gemu likagoma kufunguka. Lilifunguka kwa kubembelezwa. Binamu yangu, mwenye kibanda cha kompyuta pale sokoni Kibiti, akaitoa akaigeuza geuza.

"Hii inakufa. Siku mbili tatu, kwisha habari yake."

Lilikuwa gemu la mzee mnene anayekimbiza kuku wake kwenye ngazi. Lilikuja pamoja na kompyuta ya mtumba kutoka Dar, nami nililipenda kwa sababu ukicheza hakuna anayekusemesha. Kampuni iliyolitengeneza ilishafungwa. Binamu alikuwa ameona kwenye intaneti ukurasa wa watu wanaokusanya magemu yasiyouzwa tena, yasipotee. La kwetu hawakuwa nalo. Waliomba mwenye nalo atume.

"Tulitume. Na mimi nitoe kopi, nikauze Ikwiriri."

Nikamwonyesha maandishi kwenye flopi: usinakili bila idhini.

"Idhini ya nani? Mwenyewe kafunga duka, we dada! Unaogopa mzuka?"

"Lakini si letu," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Nikaandika barua pepe kuomba ruhusa. Ikarudi: anwani haipo.

Jioni nikamweleza bibi, aliyekuja kututembelea kutoka Mbuchi. Kompyuta haijui, ila alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mke mwenzangu, jirani kaanika mpunga, kasafiri, mvua hiyo inakuja. Utafanyaje?"

"Nitauanua."

"Bila kumwuliza?"

"Si hayupo, bibi."

"Haya. Utaupika?"

"Aa! Wa watu ule."

"Basi umeninunia nini? Hebu nitilie maji nikaoge."

Nililala vizuri sana.

Asubuhi yake nikaenda kibandani kabla ya chai. Walikuwamo wanaume tu. Siku zote mimi hupita mlango wa nyuma. Siku hiyo niliingia wa mbele.

"Litume," nikamwambia binamu. "Ila kopi za kuuza hakuna. Na tuandike kwamba mwenyewe akitokea, achukue chake."

"Hee! Bubu kasema!"

Kibanda kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Binamu akakuna kichwa, akaniachia kiti. Flopi ilisomeka. Nikaandika yale maneno kwa mkono wangu, nikatuma. Laini ikakatika, nikatuma tena. Lilipofika nikaagiza chai na vitumbua, nikanywea pale pale, katikati ya watu.