Kibuyu cha Mabao

Mwaka ule watu walikula unga wa yanga. Wengine watawatajia mwaka kwa tarakimu, mimi tarakimu ziliniponyoka zamani. Ninachojua ni kwamba mvua zilitupa kisogo, mahindi yakakaukia kwenye kimo cha goti, na serikali ikaleta magunia ya unga wa njano kama binzari, tukauita yanga. Ugali wake ulinuka gunia na dawa ya wadudu, na ukipoa ungeweza kumpigia mbwa akalia. Juzi mjukuu wangu alitoka Lushoto mjini na mfuko wa mahindi ya njano yaliyoparazwa, ya kuku, akaufungua jikoni. Harufu ile iliponigonga puani nikakaa chini pale pale, mwiko mkononi.

"Bibi, unaumwa?"

Siumwi, nikamwambia, niache kidogo. Nilikuwa nimerudi uwanja wa shule hapa hapa Malindi, hii yetu ya milimani, si ile ya pwani, nina miaka kumi na minne, nina njaa, na milima yote hii hakuna msichana anayenifikia kwa kufunga mpira wa pete.

Nalisema bila haya. Unyenyekevu wa uongo nao ni uongo. Nilikuwa darasa la saba, mrefu kuliko mwalimu wangu, na mkono wangu wa kulia ulilijua lile goli kama unavyojua njia ya kwenda kinywani. Uwanja ulichongwa ubavuni mwa mlima, hivyo mpira ukitoka upande wa chini ulikuwa safari: mtu anateremka nao mpaka kwenye kabichi za watu. Asubuhi ukungu ulikaa mzito hata pete ya goli haionekani, nami nilitupa kwa kukisia, nikasikia tu wavu ukisema "fyuu". Watu wa Lukozi walipokuja walipiga kelele, "Mkabeni huyo mkaratusi!" Na wasichana wa kwetu wakajibu, "Mkaratusi haukabwi, unakatwa! Mna shoka?" Shoka hawakuwa nalo. Waliondoka wamenuna.

Mabao yangu aliyahesabu Bibi, mama yake baba. Bibi hakujua kusoma, na macho yalikuwa yameanza kufunga ukungu wake mwenyewe, lakini alihesabu kila kitu kwa maharage. Siku za kuku kulalia, harage kwa siku. Miezi ya mimba ya ng'ombe, harage kwa mwezi. Kwa hiyo na mabao yangu aliyatia kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya meko, harage moja kwa bao moja. Kila Jumamosi jioni nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Leo kumi na moja, Bibi," naye anadondosha kumi na moja, polepole, akisikiliza kila moja likigonga. Kisha anakitikisa kibuyu sikioni na kucheka kwa fizi. Alikuwa na kosa moja tu, masikini: mwaka wa njaa alihesabu kwa chakula.

Basi, Jumapili moja baada ya ibada, mwalimu wetu alikuja nyumbani na mgeni. Alikuwa bwana michezo wa shamba moja la chai, upande wa kule Bulwa. Kwa sisi Bulwa ilikuwa kama ng'ambo: unateremka Mombo, unapita Korogwe, unafika Muheza, ndipo uanze kupanda milima mingine isiyokujua. Mgeni alikuwa na viatu vya kung'aa vilivyokwisha kuchafuka matope yetu, na daftari lenye mistari. Nilipompa shikamoo alitazama kwanza miguu yangu, ndipo akasema marahaba.

Alieleza habari yake vizuri. Timu yao ya wasichana ilikosa mfungaji. Anayechukuliwa atapewa chumba, kazi nyepesi ya kupima majani, wali kila Jumapili, na nyumbani kwao litaletwa debe la mchele kila mwisho wa mwezi. Aliposema wali, wadogo zangu watano waliokuwa wamejibanza mlangoni walikohoa kwa pamoja. Mimi mate yalinijaa mpaka nikaona aibu kuyameza.

"Lakini sitafuti mtu wa msimu mmoja," alisema, akilamba ncha ya penseli. "Wa msimu mmoja wako wengi. Natafuta wa miaka kumi. Nataka nijue mwaka huu amefanya nini, na mbele kuna nini."

Baba yangu alikuwa mfugaji, na jambo hilo alilielewa mara moja, tena kuliko alivyotakiwa. Kwetu mtu akitaka kuchukua mtamba wa mwenzake amfuge, hamtazami mtamba. Anamtazama mama yake.

"Mgosi," Baba akasema, kama tunavyomwita mwanamume kwetu, "mbele ya huyu iko pale. Mama Eliza, hebu simama."

Eliza ndimi. Mama alikuwa anachambua mboga. Akasimama, majani mapajani yakadondoka.

"Ona miguu hiyo," Baba akaendelea, akionyesha kwa fimbo. "Watoto sita, na mpaka leo anapanda na mzigo wa kuni bila kupumzika njiani. Binti ndiye huyo huyo, ila mrefu."

Mgeni akaandika. Haki ya Mungu, aliandika! "Na magoti?"

"Ya ukoo," alisema Baba kwa fahari. "Hatujawahi kuwa na kilema."

Mama akakaa tena, akaendelea na mboga yake. Uso ulikuwa mtulivu, lakini mashina aliyokuwa akiyavunja yalilia kama vijiti.

"Sasa msimu," mgeni akasema. "Kafunga mangapi?"

Swali hilo Bibi alikuwa amelingoja tangu mgeni aingie. Akaagiza kibuyu kishushwe. Akakitikisa kwanza, kikavuma vizuri, akatabasamu. Kisha akakimimina kwenye ungo mbele ya wageni, kama mtu anayemwaga shanga za harusi.

Vikatoka vijiwe. Vijiwe vya mtoni, laini, vingi, na katikati yake maharage manne.

Bibi alipapasa ungo kwa vidole, akapapasa tena. "Mabao yako wapi?"

"Tumekula," alisema Mama.

"Mmekula nini?"

"Mabao, mama. Tulianza na ya mechi ya Mtae. Ya Lukozi yalikuwa mengi, yalitufaa wiki mbili. Ya Mlalo tumeyamaliza juzi."

Mwalimu alicheka mpaka akajifuta macho. Baba alitazama darini. Bibi alikasirika, akasema kwa Kishambaa maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana kitabu hiki kitasomwa na wajukuu. Lakini mgeni alifunga daftari, akasema hesabu si neno, twende uwanjani. Tukaenda wote, na nusu ya waumini nyuma yetu. Nilitupa mara kumi. Kumi zikaingia, ya mwisho nimegeuza uso nikimtazama yeye, kwa kiburi tu.

"Namchukua," alisema tuliporudi. "Kesho asubuhi gari la mboga linateremka. Ajiandae."

Nilikuwa nimekwisha kuondoka moyoni. Nilikuwa naufinyanga wali ule kwa vidole.

Mama akaacha mboga aliyokuwa ameirudia, akamgeukia mgeni. "Baba, naomba kuuliza. Huko, akivunjika mguu?"

"Atatibiwa, mama. Kama hawezi tena, atarudishwa nyumbani."

"Mkono ukipoteza shabaha? Inatokea. Hata mwindaji hupoteza."

"Tutamvumilia msimu mmoja. Kisha itabidi arudi."

"Akishika mimba?"

Mgeni akatazama viatu vyake. "Atarudi."

Mama akajipangusa mikono. Alisema bila kupaza sauti: "Haendi. Ninyi mnamtaka akifunga; mimi namtaka hata akikosa."

Wenzangu, nilimchukia. Sitawaficha. Usiku ule nililia mpaka mto ukanuka, na kwa miezi mingi sikumwita Mama, nilimwita "wewe". Nilidhani ananionea wivu. Nilidhani mtu aliyekula mabao yangu sasa amekula na wali wangu. Debe zima la mchele, na wadogo zangu shingo zimekuwa kama za vifaranga, yeye anasema haendi!

Mwaka uliofuata, mvua zimerudi, nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe nikateleza kwenye njia ya bondeni. Goti la ukoo lilipinduka likatazama pembeni. Mama ndiye aliyenikuta. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mimi niliyemzidi kimo, vidole vya miguu yangu vikiburura udongo nyuma yake kama jembe. Alipumzika njiani mara nyingi. Sikupata kufunga bao tena maishani. Ile miaka kumi aliyoiandika mgeni haikutimiza hata miwili.

Lakini hilo la goti si kubwa. Kubwa nililielewa nikiwa mama mwenyewe, siku moja nikichemsha maharage. Nilikumbuka kwamba mwaka wa yanga, kila Jumamosi asubuhi kabla ya mechi, Mama aliniamsha kabla ya wengine. Aliniwekea kiganja cha maharage bakulini, yenye mvuke, yenye chumvi, akaketi kunitazama. "Kula. Mtu hachezi kwa ule uchafu wa njano." Nilimuuliza yametoka wapi, akaniambia nile kwa mdomo, si kwa maswali. Wadogo zangu walipata maji yake ya kuchovyea ugali. Yeye alilamba mwiko. Kumbe ndivyo nilivyofunga: mabao ya Jumamosi hii niliyafunga kwa nguvu ya mabao ya Jumamosi iliyopita. Mbele za watu alisema "tumekula", akabeba lawama na hasira ya mama mkwe wake, wala hakunitaja. Na yeye, aliyekuwa na njaa kuliko sisi sote, ndiye aliyeukataa mchele.

Leo watu wanakuja kuwatazama wajukuu zangu. Huyu ana mbio, huyu ana akili ya hesabu, huyu atafika mbali. Nawapikia chai, nawasikiliza, na wakimaliza kupima nauliza maswali yale matatu.

Maana siku ile Mama alipokataa, Baba alishtuka. Mwanamke kwetu hakumjibu mgeni wa mumewe. Akampa nafasi ya kujirudi, kwa upole kabisa. Akasema, "Mama Eliza, mgeni hakukusikia vizuri. Hebu sema tena."

Mama akasimama, safari hii bila kuambiwa. Akanishika mkono, mkono wangu wa kushoto, ule usiofunga.

"Haendi. Ninyi mnamtaka akifunga; mimi namtaka hata akikosa."