Mvinyo wa Jumatano ya Juma Kuu

Jumatatu ya Juma Kuu, Isabela alipanda gari la asubuhi kutoka Newala kwenda Masasi kununua mvinyo. Angeweza kumwagiza mtu, lakini mvinyo kwake ulikuwa kama kitenge: alitaka auchague kwa macho yake. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, na binti yake wa pekee, Huruma, alikuwa ameolewa huko Mwanza, akipiga simu Jumapili pale anapokumbuka.

Dukani kwa Rose, karibu na stendi, chupa zilikuwa rafu ya juu kabisa, zimeshika vumbi. Rose alipanda kwenye kigoda akazishusha moja moja.

"Hii nyeupe haina utamu, mama," alimwonya. "Watu wakinunua hurudi kunilalamikia."

"Ndiyo ninayoitaka. Nipe na nyekundu mbili za Dodoma, isiyo tamu na ile tamu. Halafu nitafutie moja nzito, ya kunywa baada ya nyama."

"Mna harusi?"

"Hapana. Pasaka."

Rose aliitazama kalenda ukutani, akamtazama mteja wake, akafunga chupa kwenye magazeti.

Pasaka aliyoisema Isabela haikuwa ya kanisani kwao. Ilikuwa ya Daktari Hadasa, Myahudi wa Cape Town, aliyekuja Newala kutibu macho akidhani atakaa miaka miwili, akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Kila mwaka, Pasaka ya watu wake ilipofika, Daktari aliandaa nyumbani kwake mlo wanaouita seda. Habari za Waisraeli kutoka Misri husimuliwa mezani, na kila mtu hunywa vikombe vinne vya mvinyo, kila kimoja kwa wakati wake. Isabela, aliyezijua habari hizo tangu utotoni kwa bibi yake aliyelelewa na wamisionari, alikaribishwa mara ya kwanza kama mgeni. Miaka ikapita, akawa ndiye anayesaga korosho na tende kwa ajili ya ule mchanganyiko mtamu wa kukumbukia udongo wa matofali ya Misri. Mujibu, dereva wa kliniki yao ya macho, naye hakukosa. Yeye ni Mwislamu, kwa hiyo Isabela alimchemshia zabibu kavu mpaka maji yakawa meusi, akayachuja, na Mujibu akanywa vikombe vyake vinne kama wenzake.

Daktari hakuyashika masharti yote ya kwao kuhusu mvinyo. Ikipatikana chupa iliyotengenezwa kwa sheria yao, vizuri. Isipopatikana, wa Dodoma ulitosha. Ila kwenye mpangilio hakuwa na mchezo. Kikombe cha kwanza kiwe chepesi, maana watu wana njaa. Cha pili kiuume ulimi, kwa kuwa ndipo utumwa unaposimuliwa. Cha tatu kiwe kizito, kikalie chakula. Cha nne kiwe kitamu. "Mtu aende kulala akiwa amesamehe," alisema.

Mwaka jana miguu ya Daktari ilichoka, na kumbukumbu zikaanza kumponyoka. Mpwa wake akaja kumrudisha Cape Town. Isabela aliamua kuwa mambo hayo yameisha. Lakini wiki moja kabla ya Juma Kuu alipita sokoni akakuta mchunga, lile jani chungu walilokuwa wakilila pale mezani, na kabla hajafikiri akawa ameshalipia fungu.

Kwenye stendi ya Masasi, akisubiri gari la kurudi, alimkuta Loveness, kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Walisalimiana vizuri. Kisha Isabela alihamisha kikapu mkono, na chupa zikagongana.

"Mama Huruma," Loveness alisema polepole. "Juma Kuu hili?"

"Ni kwa ajili ya ile karamu ya Daktari. Mwaka huu imeangukia Jumatano."

"Daktari hayupo."

"Hayupo, ndiyo."

"Sasa utakunywa na nani?"

Isabela alisema amewaalika Mujibu na jirani yake Cecilia. Loveness aliitikia kwa kichwa. Njiani kote mpaka Newala walikaa viti vya mbele na nyuma.

Jumatano alfajiri Mujibu alipiga simu. Shangazi yake amefariki Chilangala, wanazika leo. "Nisamehe, Mama Huruma. Zabibu zangu usizimwage, nitakuja kuzinywa hata zikichacha." Isabela alimpa pole, akaendelea na kazi. Alikanda chapati zisizo na hamira wala mafuta, akazikausha kwenye kikaango. Alichemsha kuku. Chupa ya mvinyo mweupe aliizamisha kwenye ndoo ya maji ya kisima, kwa kuwa ukungu wa Newala ulikuwa umeshuka tangu saa tisa na maji yalikuwa ya baridi kama ya friji.

Saa kumi na moja Cecilia alisimama nje ya ua, hakuingia.

"Mwenzangu, kichwa kinaniuma tangu jana."

"Pole. Ingia nikupe dawa."

"Nimeshameza." Alikuwa akitazama miguu yake. Isabela alijua nani amezungumza naye.

Jua lilipozama alikaa mezani peke yake, mbele ya sahani tatu. Aliona ni upuuzi kuziondoa, ni upuuzi vilevile kuziacha, akaziacha. Alimimina mvinyo mweupe. Ulikuwa mkali kidogo, una harufu ya ndimu mbichi, na ubaridi wake ulimshuka kifuani akafumba macho. Ulikuwa mzuri. Alishangaa kwamba kitu kinaweza kuwa kizuri hivyo na asiwepo wa kumwambia.

Kwa desturi, mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine. Miaka yote mdogo alikuwa Mujibu. Isabela alijiuliza mwenyewe kwa sauti, akajijibu, na sauti yake ilimtisha. Alimimina cha pili, kile kinachouma, akasimulia mpaka Bahari ya Shamu, hapo akaacha. Alichukua simu akampigia mpwa wa Daktari.

Nyuma kulikuwa na kelele za watoto na vijiko. Mpwa alisema kwa Kiingereza kwamba atampa simu, ila asitegemee sana, siku hizi Kiswahili cha Daktari kinakuja na kupotea.

"Nani?" sauti ya Daktari iliuliza kwa Kiswahili.

"Isabela, Daktari. Mama Huruma, wa Newala."

Vijiko viliendelea kugongana.

"Niko kikombe cha pili," Isabela alisema haraka. "Nyekundu ya Dodoma, isiyo tamu."

"Umeifungua mapema ipate hewa?"

"Sikufanya hivyo."

"Ndiyo maana inauma hivyo. Isubiri kidogo." Daktari alivuta pumzi. "Na nani wapo mezani?"

"Niko peke yangu."

"Hapa wamejaa," Daktari alisema, akishusha sauti. "Simjui hata mmoja. Wewe nakujua?"

"Ndiyo, Daktari. Unanijua."

"Basi vizuri. Kunywa taratibu."

Simu ikakatika. Isabela aliisubiri ile nyekundu, na kweli ikalainika. Alikula kuku na mchunga, akanywa cha tatu, akalia kidogo, akanywa cha nne kwa sababu ndiyo desturi, ingawa utamu wake haukumfikia.

Alhamisi jioni, kabla ya ibada ya kutawadhana miguu, Cecilia alikuja tena. Safari hii aliingia. Isabela alimpa kibakuli cha tende na korosho, naye akala akiwa amesimama, akakikwangua kwa kidole.

"Tamu," alisema. "Kichwa hakikuwa kinaniuma, mwenzangu."

"Najua."

"Loveness alisema…"

"Najua."

Kengele ikalia. Walitoka pamoja hadi kwenye geti, na hapo Cecilia akasita, akiangalia barabara ambako akina mama walikuwa wakipita wawili wawili kwenda kanisani.

"Tangulia," Isabela alimwambia.

Cecilia alitangulia. Isabela alisubiri mpaka kitenge chake kilipomezwa na ukungu kwenye kona, ndipo na yeye akashika njia.