Sauti ya Baba na Betri za Juani

Baba aliacha kuimba siku aliyopunguzwa kazi. Alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji katika bendi ya shirika moja la umma, na shirika lilipofungwa, bendi nayo ikafungwa, vyombo vikabebwa kwa lori. Gitaa lilikuwa lake mwenyewe. Akalirudisha nyumbani Temeke, akalitundika nyuma ya mlango wa chumbani na kulifunika kanga ya mama. Kisha yeye na mama wakafungua genge la nyanya na mkaa. Ukimuuliza habari za muziki, anakujibu bei ya nyanya.

Mama hakulalamikia genge. Alilalamikia ule ukimya. Alikuwa akisema wazi, tena mbele yetu, kwamba yeye aliolewa na sauti, mtu alikuja baadaye. Kila Ijumaa baada ya kula alimwomba japo ubeti mmoja, na baba alijibu kwamba sauti imekwenda na shirika. Mimi nilikuwa binti wa sekondari, mwepesi wa hasira, na jibu hilo lilinichoma kuliko lilivyomchoma mama.

Wakati huo kaka yangu alikuwa haambiliki. Suruali ya kuvaliwa na watu wawili, kofia imegeuzwa kisogoni, kutwa anaimba rap, anafokafoka kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kimarekani cha kubahatisha. Mjomba alikuwa amerudi kutoka Uarabuni na kinanda kidogo cha betri, chenye ngoma ndani yake. Ukibonyeza, mdundo unajipiga wenyewe. Kaka hakuweza kukipiga ila alijua kuamrisha, kwa hiyo kazi ya vidole ikawa yangu.

Siku moja akaja na kanda aliyojaziwa nyimbo katika duka la Kariakoo. Upande wa kwanza ulikuwa kufokafoka. Upande wa pili mwenye duka alijazia alichokuwa nacho: mzee mmoja Mmarekani mweusi, peke yake na gitaa, anaimba kwa huzuni. Kaka akasema hiyo ni bluzi, akanyoosha mkono aitoe. Baba alikuwa anakula, tonge likabaki mkononi.

"Irudishe nyuma hiyo."

Kaka akairudisha. Baba akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu mzee kafiwa au kaachishwa kazi?"

"Sijui, baba. Kiingereza chake kizito."

"Basi kaachishwa kazi," baba akasema. Akanawa mikono, akaenda kulitoa gitaa nyuma ya mlango.

Ndivyo tulivyoanza, watu watatu uani: gitaa la baba la majonzi, kinanda changu, na kelele za kaka. Ugomvi ulikuwa mdundo. Kaka aliutaka mbio tangu mwanzo. Baba alishika desturi ya bendi, kwamba wimbo kwanza hueleza shida yake taratibu, watu wakishaielewa ndipo magitaa yachemke na miguu iruhusiwe. "Iambie hiyo ngoma yako isubiri," aliniambia. "Inakimbilia wapi, na msiba haujaelezwa?" Nikashusha mdundo hadi chini kabisa, na kaka akapewa sehemu ya kuchemka. Ikawa tamu, sina neno jingine. Lakini baba alipiga tu. Hakuimba.

Tulipoamua kurekodi, umeme ulikuwa wa mgao. Betri mpya zote tulikipa kinanda, maana kaka alikionea fahari kuliko kitu chochote humo ndani. Redio kaseti tukaipa betri kuukuu zilizoshinda zimeanikwa juani, kama kila nyumba ilivyofanya. Mama alikuwa gengeni. Tukaanza, na katikati ya ile sehemu ya taratibu, baba akafumba macho, akaimba. Beti mbili. Sauti ilikuwa imeshuka, ina mikwaruzo, inapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Sikuthubutu kumtazama, niliogopa nikimtazama atanyamaza. Alipomaliza alisema vidole vinamuuma, akaenda kumpokea mama genge.

Umeme uliporudi alasiri, mama alikuwa uani anachambua mchele, na baba, aliyekwisha kufunga genge, amekaa karibu yake. Kaka akachomeka redio ukutani. Betri zile zilizochoka zilikuwa zimeiendesha kanda polepole wakati wa kurekodi. Sasa kwa umeme ikaenda mbio, na kila kitu kikapanda juu. Sauti ya baba ikatoka nyepesi, safi, ya kijana asiyejua tabu. Kisha akaingia kaka, mithili ya kuku anayefukuzwa. Nikacheka. Mama hakucheka. Mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya ungo.

"Rudisha," akasema. Aliposikia tena akasema, "Huyo ndiye. Huyo ndiye aliyekuja kwetu."

Baba akainuka. "Huyo si mimi, hizo ni betri. Mie yangu sasa ni ya kuitia wanunuzi wa nyanya. Kaa naye basi huyo."

Hakuwa anatania. Mtu mzima alikuwa anajionea wivu mwenyewe, na nikaichukia ile kanda kwa moyo wangu wote.

Mama akaweka ungo chini, akaenda akaizima redio kwa mkono wake.

"Huyo nilishaolewa naye," akasema. "Huyo haumwi mgongo, wala hajawahi kupunguzwa kazi. Mie nakuomba wewe, baba watoto. Wewe wa leo."

Baba akalichukua gitaa, akaniambia, bila kunitazama, niweke ule mdundo wa chini kabisa. Nikauweka. Akaimba kwa ile sauti yake ya mikwaruzo, na katika ubeti wa pili ikamkatikia kabisa. Mama akaudaka mstari akaumalizia. Mama yangu hakujaliwa sauti hata chembe, ni mbaya, sote tulijua. Baba, mtu wa bendi, sauti ilipomrudia akaishusha mpaka ikalingana na ya mama, wakaenda hivyo hadi mwisho wa wimbo.