Nyama Iliyonuka Omena

Simu ya mwenye bucha wa Burumba ilinikuta zizini Namboboto, nikichota pumba za mahindi. Asubuhi ile alikuwa amechinja fahali wangu wa kwanza.

“Mama, hii ng’ombe ulikuwa unalisha nini?”

Fahali wangu sita niliwafungia zizini, wakila pumba, molasi na majani ya viazi vitamu. Walinenepa polepole mno. Basi nikaanza kununua omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, zilizovunjika kutoka kwa kina mama wa Sio Port, zile zisizouzika, nikazisaga na kuwachanganyia. Wakajaa mgongo na mapaja hadi majirani wakaniuliza siri. Sikumwambia mtu.

“Pumba tu,” nikajibu.

“Kuja uone.”

Nilipanda boda na gambuti zangu za zizini miguuni. Njia nzima niliwaza watoto wa watu wakitapika, nikawaza askari, nikawaza macho ya watu kanisani.

Mwenye bucha alikata kipande cha mafuta, akakiweka juu ya jiko. Harufu ya samaki ikajaa chumba. Mkaguzi alikuwa ameikagua nyama ile ikiwa mbichi, akapiga mhuri. Nusu yake ilikuwa imeshanunuliwa.

“Ni omena,” nikasema kwa sauti ndogo. “Nilikuwa nawapea omena. Nimeua mtu?”

“Sijui, mama. Kaa hapa. Wateja wakirudi, utawaambia mwenyewe.”

Nikakaa kwenye benchi hadi alasiri, nikishtuka kila kivuli kilipopita mlangoni. Wa kwanza kurudi alikuwa mama aliyebeba sufuria ya nyama iliyopikwa. Nikamweleza yote.

“Kumbe ni omena,” akasema. “Nilidhani ni sumu. Watoto wameshakula.”

Nilimuuliza hali yao mara tatu. Alisema wanacheza. Sikumwamini mpaka nilipofika kwake nikawaona.

Afisa wa mifugo alinieleza kwamba hakuna atakayeugua, ila mafuta ya samaki huingia katika mafuta ya ng’ombe. Niwaachishe omena mapema kabla ya kuchinja. Nikawaachisha. Kasi ya kunenepa ikapungua.

Nilipompeleka wa pili, niliomba kipande cha kwanza nikichome mwenyewe. Nilikinusa kwanza. Nilitafuna muda mrefu, mwenye bucha akinitazama mdomo. Ilikuwa nyama tu.

“Lete mwingine,” akasema.

Nilimletea. Lakini siku hiyo pia nilikaa kwenye benchi hadi jioni, nikingoja mtu arudi na sufuria.